Nani Alikukaba Jana Usiku?

Nilikuwa na miaka tisa nilipomtaja mtu. Naanzia hapo kwa sababu mengine yote nitakayosimulia hapa, ya Zanzibar, ya Mjerumani aliyepita kwetu mwaka 1906, ya maabara za Chicago, nimeyasoma ukubwani, na nimeyasoma kwa sababu ya asubuhi ile.

Ilikuwa Mkunya, Newala, mwaka 1997, msimu wa korosho, kabla mvua za Elinino hazijaharibu kila kitu. Aliyekulia kwetu anajua usingizi wa msimu ulivyo. Unaamshwa giza bado halijaondoka, mnakwenda kuokota, mnarudi, shule, mnaokota tena, usiku mnabangua. Mtoto analala pale anapokaa. Jioni hiyo tulikuwa uani kwa jirani yetu, bibi mmoja wa makamo ya bibi yangu mzaa mama, anakaanga korosho kwenye debe lililopasuliwa, moshi unachoma macho, sisi watoto tunagonga kwa mawe huku tumejipaka majivu vidoleni ili mafuta yasituunguze. Bibi huyo alikuwa na chale usoni, na mdomo wa juu ulikuwa na tundu la ndonya. Ndonya yenyewe alishaiacha zamani. Nilipoaga akanijazia kiganja korosho, akaniambia nikalale, macho yamekuwa madogo.

Nikalala mkekani na mdogo wangu. Usingizi ndio kwanza unanichukua, nikashtuka. Nilikuwa macho, hilo nitaapa mpaka leo. Niliuona mlango. Niliona mwanga wa kibatari ukipita juu ya ukuta kutoka chumba cha pili, nikamsikia baba anakohoa. Lakini sikuweza kunyanyua hata kidole. Na kifuani kwangu alikuwa amechuchumaa mtu, mzito kama gunia lililolowa, ana chale, mdomoni ana ndonya nyeusi kubwa kama kifuniko cha chupa ya chai. Nilitaka kumwita mama, sauti haikutoka. Kisha, sijui baada ya dakika ngapi, likaniachia.

Asubuhi mama akauliza mbona sinywi uji. Nikamwambia, "Bibi wa jirani alinikaba jana usiku."

Basi. Sentensi moja, na sikuwa nadanganya.

Kiswahili kina neno zuri sana kwa mahali nilipokuwa usiku ule, na nashangaa waandishi wetu hawalitumii zaidi: mang'amung'amu. Ni ile hali ya kuwa si macho wala si usingizini, unasikia wenzako wanaongea sebuleni na papo hapo unaongea na mtu aliyekufa mwaka juzi. Pia tuna njozi, ambayo wengi wetu siku hizi tunaichukulia kuwa ndoto iliyovaa nguo za ushairi, lakini wazee waliitenganisha na ndoto: ndoto inakukuta ndani ya usingizi, njozi inaweza kukukuta mlangoni. Na kwa kile kinachokuja kukalia kifua tuna jinamizi. Tunasema jinamizi limenikaba, na tukishasema hivyo tumeshaamua kwamba kuna mkabaji.

Hatuko peke yetu. Waarabu wanaliita kabusi, kutokana na neno lenye maana ya kukandamiza. Waingereza wana neno lao la ndoto mbaya ambalo nusu yake ya mwisho zamani lilikuwa jina la kiumbe kinachowakalia watu usiku. Mchoraji Mswisi Henry Fuseli alikichora mwaka 1781: mwanamke amelala chali, kichwa kinaning'inia, na juu yake kajitu kamechuchumaa kanatutazama sisi. Mara ya kwanza kuiona picha hiyo nilikuwa chuo kikuu, maktaba, na nilifunga kitabu. Siyo kwamba niliogopa. Niliona kama mtu amenipekua. Kule Newfoundland, Kanada, wavuvi walisema wamepandwa na Bibi Kizee. Mtafiti David Hufford aliwafuata akawasikiliza, na mwaka 1982 akatoa kitabu ambacho hoja yake kubwa ni hii: watu hawa hawasimulii walichofundishwa na mila, wanasimulia kilichowapata. Wengi waliotokewa walikuwa hawajawahi hata kusikia habari za huyo Bibi Kizee.

Nilipoisoma hoja hiyo nilipumua. Kisha nikaona kwamba hainisaidii sana, maana swali langu halikuwa kama nilikabwa. Nilikabwa. Swali lilikuwa uso ule niliutoa wapi.

Sayansi inaeleza hivi, na nitaipitia haraka. Mfaransa Alfred Maury alikuwa na tabia ya kujiangalia mwenyewe akisinzia, na mwaka 1848 akazipa jina zile picha zinazopita machoni kabla usingizi haujashika. Jina lake la Kigiriki maana yake ni kitu kinachokupeleka usingizini. Mwaka 1953, Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman wakatangaza kwamba kuna vipindi vya usingizi ambapo macho yanachezacheza chini ya kope, na ukimwamsha mtu hapo mara nyingi atakwambia alikuwa anaota. Miaka michache baadaye Michel Jouvet, kule Lyon, akaonyesha kwa kutumia paka kwamba katika kipindi hicho hicho mwili unalegezwa misuli yote isipokuwa ya macho na ya kupumua. Ni ulinzi. La sivyo tungekuwa tunaruka na kupigana kila tunapoota. Sasa ikitokea akili imeamka na ulinzi bado haujaondolewa, au ulinzi umewahi kuja kabla akili haijalala, unapata nilichokipata mimi: unaona chumba chako halisi, huwezi kusogea, pumzi inaonekana nzito kwa sababu huiendeshi wewe, na ndoto inaendelea humo humo chumbani. Hutokea zaidi kwa aliyelala chali, kwa aliyechoka, kwa ambaye usingizi wake umekatwakatwa. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikadiria kwamba watu 7.6 katika kila mia wamewahi kupata hali hiyo walau mara moja maishani, na kwa wanafunzi idadi ilipanda hadi 28.3. Aliyesoma shule ya bweni hatashangaa. Bweni letu kule Masasi lilikuwa na kitanda ambacho hakuna aliyetaka kukilalia.

Ila utafiti ulionigusa ni mwingine, wa mchezo wa kompyuta. Robert Stickgold wa Harvard, mwaka 2000, aliwachezesha watu Tetris, ule mchezo wa kupanga vipande vinavyoshuka, kisha akawauliza wanaona nini wanapoanza kusinzia. Waliona vipande vinashuka. Hilo halishangazi. La kushangaza ni kwamba hata wagonjwa waliopoteza kumbukumbu, ambao hawakukumbuka kabisa kuwa walicheza, baadhi yao waliviona. Yaani pale mlangoni mwa usingizi akili inashika kilichokuwa mbele yake karibuni na kukirusha ukutani, bila kuuliza kilitoka wapi.

Mimi jioni ile nilikuwa nimekaa saa tatu nzima namtazama bibi mwenye chale akigeuza korosho motoni. Ndonya nilimwongezea mwenyewe.

Sasa nirudi kwetu, maana usiku una historia, na usiku wa uwanda wa Makonde una historia yake.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alifika Masasi kisha akapanda Newala akakaa wiki kadhaa. Vita vya Majimaji vilikuwa havijapoa. Misheni ya Masasi ilikuwa imechomwa mwaka mmoja kabla. Weule alibeba mashine ya kunasa sauti na kamera, akanunua kila alichoweza kununua, na mwaka 1908 akachapisha kitabu. Ni kitabu cha mtu wa zama zake, kina dharau ya kutosha, lakini ndani yake kuna hadithi ya asili ya Wamakonde aliyoitoa kwa padri Mbenediktini aitwaye Adams, na hadithi hiyo sijawahi kuchoka nayo.

Inasema hivi. Pale Mahuta, leo ni Tandahimba, palikuwa na mtu anaishi porini peke yake, haogi, hakati nywele, hali sana wala hanywi sana. Akachonga sanamu ya mtu kwa mti, akaipeleka anapolala, akaisimamisha. Usiku ile sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakateremka Ruvuma kuoga. Mtoto wao wa kwanza akazaliwa amekufa. Wakavuka kwenda bonde la Mbwemkuru, wa pili naye akazaliwa amekufa. Wakarudi juu Mahuta, wa tatu akaishi. Ndipo yule baba akawaagiza wanawe mambo mawili: wazikeni wafu wenu wakiwa wamesimama, kwa kumbukumbu ya mama yenu aliyeamka akiwa wima, na msijenge mabondeni karibu na mito mikubwa, huko kuna maradhi na kifo, jengeni mbali na maji, mwendo wa saa nzima au zaidi.

Wengi wanaisoma hadithi hii kama cheti cha kuzaliwa cha uchongaji wa Kimakonde, na ni haki yao. Mimi naisoma na kumwangalia yule mwanamume. Ana njaa, yuko peke yake, amelala gizani na kitu kilichosimama karibu yake, kitu alichokitazama kutwa nzima. Hadithi haisemi alikuwa usingizini. Haisemi alikuwa macho.

Na lile agizo la maji lilitutengenezea usiku wa aina yake. Uwanda wetu hauna mito juu. Kabla mradi wa maji wa Makonde haujaanza miaka ya 1950, na hata muda mrefu baada yake kila pampu zilipoharibika, wanawake waliteremka bondeni na kupanda tena na mzigo kichwani. Mama yangu anasema walikuwa wanaamka saa nane au saa tisa za usiku ili wawahi kabla maji hayajachafuka, wakirudi wanalala kidogo tena, kisha shamba. Usingizi wa vipande viwili, vitatu, maisha yote. Ukimpa daktari wa usingizi habari hizo atakwambia ndiyo mapishi kamili ya jinamizi. Sina takwimu za kuonyesha kwamba bibi zetu walikabwa kuliko watu wa mabondeni, haya ni mawazo yangu tu, lakini siwezi kuyaacha nikiona ni maneno mangapi ya usiku tuliyonayo kusini.

Kuna ndondocha. Bara wengi wanasema msukule. Mtu amekufa machoni pa watu, mmezika, kumbe mchawi amemficha, anamlimisha usiku. Na hata aliye hai anaweza kulimishwa: unaamka mwili unauma, mabega mazito, huna nguvu, unasema nimelimishwa usiku. Ng'ambo ya Ruvuma, Wamakonde wa Mueda wanasimulia mambo yanayofanana sana na haya. Nilikuwa nacheka nikisikia, mpaka nilipofikiria ni watu gani hao wanaosema wamefanyishwa kazi bila malipo hadi usingizini. Ni watu ambao babu zao walikamatwa wakapelekwa Kilwa na Lindi kama watumwa. Ni watu wa kodi ya kichwa na mashamba ya mkonge. Kusema umelimwa nguvu zako ukiwa umelala si upuuzi kwa watu wa namna hiyo.

Tatizo la ndondocha ni kwamba lazima awe na mwenyewe. Anayelimishwa analimishwa na fulani. Na katika miaka ya 1970, Operesheni Vijiji ilipowatoa watu kwenye makazi yaliyotawanyika na kuwapanga mistari, huyo fulani akasogea. Zamani mtu uliyemshuku alikaa ng'ambo ya mashamba mawili matatu. Sasa dirisha lake linatazama dirisha lako. Nyumba yetu na ya bibi yule zilipakana kwa sababu hiyo tu. Ofisa mmoja alichora mstari.

Lakini si kila aliyeona vitu usiku alitaja jirani. Kuna George Lilanga, mtoto wa Masasi, aliyezaliwa mwaka 1934. Alipokwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, alimsaidia kupata kibarua pale Nyumba ya Sanaa, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kazi yenyewe ilikuwa ulinzi wa usiku. Baadaye walipoona anachochora wakamtoa getini wakamwingiza ndani, na mpaka anafariki mwaka 2005 mashetani yake yalikuwa yamezunguka dunia. Mashetani ya Lilanga yana masikio makubwa, vidole viwili, matumbo, yanapiga soga, yanabeba watoto, yanakunywa, yanagombania daladala. Sisemi kwamba aliyaona akisinzia lindoni, hilo atalijua yeye. Ninachosema ni kwamba mlinzi wa usiku ndiye mtu pekee mjini anayelipwa kukaa katika mang'amung'amu, na huyu wa kwetu alipotoka humo alitoka na majirani wa kuchekesha ambao hawana jina la mtu yeyote.

Upande wa pili ni Zanzibar, 1995.

Mapema mwaka huo, wakati wa Ramadhani, Pemba ilianza kusikika habari za Popobawa. Jina linatokana na bawa la popo. Wazee walisema si mgeni, alikuja pia miaka ya 1960 baada ya Mapinduzi. Safari hii alivuka hadi Unguja. Waliotokewa walisimulia kitu kile kile: nilikuwa kitandani, nikahisi kuna mtu, nikasikia harufu, nikalemewa, nikashindwa kusogea wala kupiga kelele. Wengine walisema wameingiliwa, wanaume kwa wanawake, na hapo ndipo habari ilipowaka moto, kwa sababu ni jambo ambalo mwanamume wa pwani hawezi kulitamka, na bado lilibidi alitamke. Ilisemekana kwamba Popobawa anamwamuru aliyemkaba aende kuwatangazia wengine, la sivyo atarudi.

Fikiria jinsi hilo linavyofanya kazi. Watu wakaacha kulala ndani. Familia nzima zilikesha nje, uwanjani, moto umewashwa, mtu akijinyoosha kidogo mwenzake anamgutusha. Mwezi wenyewe ni wa daku, usingizi ulishakatwa tayari. Na usingizi uliokatwa ndiyo njia ya uhakika ya kumkuta Popobawa. Kwa hiyo hofu ilizaa kukesha, kukesha kukazaa jinamizi, jinamizi likazaa shahidi mpya, na shahidi ameamriwa asimulie. Haikuhitaji mwongo hata mmoja.

Ukaja wakati wa kutafuta mwenyewe, maana jinamizi huwa halikosi mwenyewe. Mwaka huo visiwa vilikuwa vinaelekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, uchaguzi ambao mwezi Oktoba ulimalizika kwa Salmin Amour kutangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad. Kisiwa kilichogawanyika hivyo hakikosi jibu. Wapo waliosema Popobawa ametumwa kisiasa. Na mjini Zanzibar umati ukampata mtu wa kumshika: mwanamume mwenye maradhi ya akili, aliyetoka bara. Walimuua.

Mwanaanthropolojia Martin Walsh ameandika sana juu ya mwaka huo, na kuna wataalamu wa Ulaya na Marekani waliosoma habari hizi wakasema kwa kifupi: ni jinamizi, ni kulegea kwa misuli, kesi imeisha. Katrina Daly Thompson, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu Popobawa, hakukubali. Anasema wageni wamelichukulia jambo hili kwa uso mkavu mno, ilhali watu wenyewe wanaposimulia Popobawa wanatania, wanachokozana, wanapata nafasi ya kuzungumza mambo ya kitandani ambayo wasingeyazungumza. Anayetaka kumwelewa asikilize mazungumzo. Nadhani ana haki, na nadhani Walsh ana haki, na bado namfikiria yule mtu aliyeuawa. Kwake mazungumzo hayakuwa utani, na misuli haikumsaidia.

Nilionja kidogo mwaka 2007, Popobawa aliposemekana kafika Dar es Salaam. Nilikuwa nimetoka shule, nakaa kwa mjomba Temeke. Vijana wa mtaa walikuwa wanacheka mchana kutwa, eti fulani kakesha amekaa kwenye kiti. Usiku kicheko kilipungua. Mjomba, mtu wa kusoma magazeti na kubishana na redio, alitandika godoro sebuleni tukalala wote pamoja, taa inawaka. "Siyo kwamba naamini," akaniambia. "Ila joto." Mimi nililala chali nikiangalia dari na nikajua kabisa kwamba nikikabwa usiku huu, asubuhi nitaulizwa na nani.

Hilo ndilo swali linalouliza kila kitu. Usiku umeshapita, mtu ametoka jasho, anatetemeka, amesema kweli yote anayoijua: mlango niliuona, kikohozi nilikisikia, uzito niliuhisi. Kweli tupu. Kisha tunamuuliza, nani? Sheria ya Uchawi tuliyonayo ilitungwa na Waingereza mwaka 1928, na inamwadhibu hata anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Haijawahi kumfikia mtoto anayeulizwa mbele ya kikombe cha uji. Na tusidhani ni mambo ya kusini na visiwani peke yake. Usukuma vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu ambayo waliyapata kwa moshi wa jikoni.

Mimi sikuulizwa mara moja. Mama aliuliza, shangazi akauliza, shangazi mwingine akaja kusudi kutoka Kitangari kuniuliza, na kila nilipojibu picha ilizidi kuwa safi. Mara ya tatu nilikumbuka na rangi ya khanga. Wiki haikuisha mtoto mwingine naye akasema amekabwa. Mzee mmoja akakumbuka mguu wake uliovimba mwaka wa nyuma. Pale bombani ndoo ya bibi ikawa inasogezwa nyuma, bila mtu kusema neno, mpaka akawa anakuja watu wakishaondoka. Sisi watoto tulikatazwa ua wake. Usiku mmoja jiko lake liliungua. Nakumbuka mwanga wake ukutani, na nakumbuka kwamba baba hakutoka kuzima, na hakuna baba wa mtoto yeyote aliyetoka. Baada ya siku chache mwanawe alikuja kutoka Masasi na gari la kukodi, wakapakia kitanda, kinu na kuku. Mikorosho yake ilibaki. Alifariki mwaka 2001, nikiwa bweni, nikaambiwa likizo.

Mwaka jana nilikwenda Mkunya msimu umeanza. Mama siku hizi anatembea na fimbo lakini kubangua habanduki. Tulikaa uani, na nikamuuliza jambo ambalo miaka yote hii nilikuwa nalizunguka.

"Mama, mlijuaje kwamba ni yeye?"

"Ulisema wewe, mwanangu."

"Nilikuwa na miaka tisa."

"Ndiyo. Na ulikuwa husemi uongo." Akagonga korosho mbili tatu. "Mimi nilikwenda kumwaga, usiku kabla hajaondoka. Hujui hilo. Baba yako naye hakujua."

Nikamwambia abee, sikujua.

"Nilimkuta anafunga vyombo. Nikamwambia, bibi, mtoto alisema alichokiona. Hakunigombeza. Akasema anajua. Akasema hata yeye linamkaba, tangu alipokuwa mwali, akirudi kuteka maji akijilaza linakuja. Likimwachia anageuka upande anasubiri kuche."

"Alikuwa anamwona nani?"

Mama alinyamaza, anachambua ganda kwenye vidole.

"Hakuwahi kumtaja mtu," akasema. Kisha akaniambia nisogeze lile debe, zinaungua.